Mdomo Uliojaa

Mwaka 2006 nilikuwa mlinzi wa mbwa katika kampuni moja ya ulinzi Dar es Salaam, na lindo langu lilikuwa godauni la Barabara ya Nyerere, upande wa kuelekea uwanja wa ndege. Getini palikuwa na kibao cha rangi nyekundu: MBWA MKALI. Mbwa mwenyewe aliitwa Bosi, jemani shepadi wa miaka 4, mgongo mweusi, miguu ya kahawia, sauti inayosikika mpaka kituo cha daladala. Usiku mmoja wa mwezi wa Machi, saa 9, kijana aliruka ukuta upande wa vyooni. Nikamfungua Bosi.

Alikwenda kwa ile kasi niliyokuwa nikijivunia. Akamuuma yule kijana mkono wa kulia, akaachia. Akamuuma paja, akaachia. Akarudi nyuma akabweka, akazunguka, akaingia tena na kumchana kiganja. Nilipofika na tochi kijana alikuwa amejikunja chini ya bomba la maji, ngozi ya mkono imepasuka kwa urefu kama shuka lililonaswa na msumari. Tulimpeleka polisi, tukapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tukampeleka hospitali akashonwa sehemu 4. Nilikaa naye mpaka kukapambazuka. Umri wake ulikuwa kama wa mdogo wangu.

Kazini nilipongezwa. Lakini nilikuwa nimeona jambo ambalo walionipongeza hawakuliona: baada ya kuuma, Bosi alikuwa anatetemeka. Mkia aliubana tumboni, masikio yamelala nyuma, na nilipomshika shingoni alinigeukia akanionyesha meno hata mimi niliyekuwa nikimlisha. Sikuelewa. Ulipita mwaka mzima kabla sijapata mtu wa kunieleza.

Mtu huyo alikuwa mzee wa Kikurya aliyestaafu polisi, Kikosi cha Mbwa na Farasi. Kampuni ilimchukua atufundishe siku 3 kwa wiki. Sisi tulimwamkia na kumwita Sajenti, naye alituita sote "mura", yaani kijana, hata waliokuwa na mvi. Siku ya kwanza hakutaka kuona mbwa wetu wanavyokimbia wala wanavyobweka. Alitaka kuona midomo. Aliomba gunia kuukuu, akalikunja likawa kama mkate wa boflo, akalifunga kamba sehemu mbili, akalipitisha mbele ya kila mbwa. Mbwa akishadaka, mzee anachuchumaa na kuangalia meno yameishia wapi.

Bosi alidaka ncha ya gunia kwa meno ya mbele, akatafunatafuna, akaachia, akadaka tena. Sajenti akamfunua midomo polepole. Chonge zilikuwa zimelika upande wa nyuma. "Anang'ata seng'enge huyu," alisema, na kweli, mchana kutwa Bosi alishinda akiguguna waya wa banda lake. Akauliza mbwa hawa walifundishwaje. Tukamweleza: mbwa hufungwa mnyororo, kisha mtu aliyejivika magunia huja kumchokoza kwa fimbo, humgonga puani, halafu hukimbia. Tuliamini kwamba kadiri mbwa anavyochokozwa ndivyo anavyokuwa mkali, na kadiri anavyokuwa mkali ndivyo anavyofaa.

"Huyu si mkali, mura," alisema Sajenti. "Huyu anaogopa. Mwenye hofu huuma ili umwondokee. Akishauma anataka kuondoka yeye, ndiyo maana anaachia. Ukiwa bado upo, anauma tena."

Nikamkumbuka yule kijana chini ya bomba la maji, asiyekuwa na pa kwenda.

Mbwa mzima ana meno 42: 20 juu, 22 chini. Watu huziogopa chonge zile 4 ndefu, lakini nguvu ya taya haiko huko mbele. Fikiria mkasi: ukitaka kukata kitu kigumu hukiweki kwenye ncha, unakisogeza ndani karibu na ile skrubu inayounganisha pande mbili. Taya nalo liko hivyo. Mbwa anayeshika kitu kikafika mpaka magego, pembe za midomo zikakigusa, ameshika kwa sehemu yenye nguvu kuliko zote, na hana haja ya kutafuna wala kurudia. Anayedokoa kwa meno ya mbele amezitegemea chonge peke yake. Akivutwa, ama kile alichokishika kinachomoka, ama kinachanika, ama jino linavunjika. Wajerumani, ambao chama chao cha jemani shepadi kilianzishwa mwaka 1899 na Max von Stephanitz na wenzake, wana mashindano ya mbwa wa kazi ambayo tangu 2019 yanaitwa IGP, na humo mwamuzi hupima mshiko: uwe umejaa, uwe imara, uwe umetulia. Sajenti hakuwa na maneno matatu. Yeye alisema tu "mdomo uliojaa", na utulivu aliuhesabu humo humo, kwa kuwa aliamini mbwa asiyetulia hawezi kuujaza mdomo.

Mpaka leo ninapoeleza jambo hili watu hunishangaa. Wanadhani kumfundisha mbwa kushika kwa nguvu ni kumfanya awe hatari zaidi. Sisemi kushikwa na mbwa ni jambo jepesi. Hata mshiko mzuri hutoboa na kuvilisha damu. Lakini jeraha lake ni la mahali pamoja. Mikono iliyochanika vipande vipande niliyoiona katika kazi hii yote ilichanwa na mbwa waliokuwa wakishika na kuachia.

Bosi alikuwa amechelewa. Tulimwekea mbao mbele ya seng'enge, tukapiga marufuku fimbo, tukamhamishia banda lenye kivuli, naye akapungua kutetemeka. Hata hivyo mdomo wake haukujaa kamwe. Sajenti akasema tuanze na mbwa mwingine, mdogo, asiyejua fimbo ni nini. Mwaka 2008 nikakabidhiwa kijibwa jike cha wiki 8. Nikamwita Shaba kwa ajili ya rangi yake.

Nimezaliwa Korogwe, baba yangu akifanya kazi katika shamba la mkonge, kwa hiyo nilipoambiwa nitafute gunia la kumchezesha nalo nilileta la katani, kwa fahari kabisa. Sajenti alilichukua, akalisugua kwenye fizi zake mwenyewe, akanirudishia. Nyuzi za katani zinachoma. Mbwa mdogo akichomwa fizi atajifunza kushika kwa ncha ya meno, na atakuwa amefundishwa na gunia lenyewe. Nikaenda Kariakoo nikapata gunia la juti lililokuwa la kahawa, nikalifua mara 3, nikalianika, nikakata kipande cha kutosha mikono yangu miwili.

Tulianza kila siku saa 12 asubuhi. Kwa joto la Dar es Salaam saa hiyo ina maana yake: mbwa hujipoza hasa kwa kuhema, na huwezi kumwambia ahemee kinywa ambacho umemtaka akijaze gunia. Jua likishapanda, mbwa huachia ili apate hewa, na mwalimu asiyejua atamlaumu kwa uvivu. Dakika 3, mapumziko, dakika 3 nyingine, basi. Tuliacha angali anataka.

Jambo la kwanza nililokatazwa ni kumsogezea mbwa gunia mdomoni. Kinachomkimbia mbwa hukifuata, kinachomjia hujihami nacho. Kwa hiyo gunia lilikuwa likikokotwa chini, likijificha nyuma ya mguu wangu, likitoroka. Shaba akilidaka, nalivuta kidogo, kiasi cha yeye kuhisi kwamba linataka kwenda. Hapo mwili wake wenyewe ulifanya kazi: mbwa ukimvuta mbele hurudi nyuma, ameumbwa hivyo, na ndiyo maana akaupenda mchezo huu tangu siku ya kwanza.

Ugumu wote uko katika kinachofuata, na mimi ulinichukua miezi. Kama ameshika kwa juu juu, sivuti kwa nguvu, kwa sababu nikivuta litachomoka naye atajifunza kwamba vitu huchomoka. Situkutiki wala simpigii kelele. Naliacha gunia limekazika kidogo, limetulia, nangoja. Kisha nalilegeza kuelekea kwake, upana wa vidole viwili. Katika ule ulegevu mbwa hupata nafasi, na wengi huitumia kurukia ndani zaidi. Hapo hapo, katika sekunde ile ile, mimi nashindwa: nayumba, nasogea mbele kana kwamba amenizidi nguvu, naachia. Gunia ni lake. Akitafunatafuna, hapati kitu. Gunia linabaki mikononi mwangu limekufa. Akiingia mpaka magego, anashinda. Hakuna neno la sifa linalomfikia mbwa upesi kama kule kushinda.

Nilichelewa sana mwanzoni. Shaba aliingia ndani, mimi nikawa bado nashangilia moyoni, naye akawa ameshaanza kutafuna tena, ndipo nikaachia. Sajenti akaniambia nimelipia kutafuna. Aliniweka nikafanya zoezi hilo na binadamu mwenzangu, mlinzi wa zamu ya mchana, akishika gunia kwa mikono, mpaka vidole vyangu vikajifunza kuachia bila kuniuliza.

Kuvuta kwenyewe ni kwa upande, kushoto na kulia, chini, sawa na mgongo wa mbwa. Kumnyanyua mbwa mdogo akining'inia kwa meno, kama wanavyofanya watu kwenye video ili waonyeshe nguvu zake, ni kumuumiza shingo.

Akishashinda, zamani ningelimnyang'anya gunia upesi ili tuanze tena. Nalo nilikatazwa. Shaba alitembea na gunia lake kinywani, mimi nikikimbia kando nimeshika kamba ya mkanda wa kifuani. Akilidondosha, gunia lilikurupuka na kukimbia, naye akajuta. Punde akajifunza kulibeba likiwa limekaa vyema nyuma ya mdomo. Baada ya mizunguko miwili nilikaa chini, nikamvuta karibu, nikampapasa ubavuni kwa kiganja, polepole, yeye akiwa bado ameshika. Mara ya kwanza alikakamaa, akadhani namwibia. Wiki ya 3 nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa Bosi: mbwa amejaza mdomo, macho yamelegea, anapumua kwa pua, pumzi ndefu. Nilikaa pale yadini mchanga ukinilowesha suruali kwa umande, sikutaka kuondoka.

Kisha nikaharibu. Mbwa mdogo ana meno ya utotoni 28, na kuanzia karibu mwezi wa 4 huanza kung'oka kupisha ya kudumu. Kazi hiyo huendelea mpaka mwezi wa 6 au wa 7. Sajenti alinionya nipunguze, na nikimwona anasitasita niache kabisa. Lakini palikuwa na wageni siku ile, na mimi nilitaka waone. Nikavuta. Shaba akalia, akaachia, na kwenye gunia pakabaki jino dogo na alama ya damu. Kwa wiki 5 hakuligusa gunia hilo. Nikilitoa anageuza uso na kulamba midomo, dalili ile ile niliyoijua kwa Bosi. Sajenti hakunigombeza. Alichukua gunia akalifungia stoo, akasema tutaonana nalo meno yakishatimia. Miezi 2 tulicheza na mpira wa kufukuza tu. Aliporudi kwenye mchezo alirudi kwa tahadhari, na ninajua kwamba tahadhari ile niliipanda mimi kwa ajili ya wageni.

Palikuwa na wasiwasi mwingine, wa wenzangu: kwamba mbwa anayeshinda kila siku atamdharau bwana wake. Hata msimamizi aliniambia nihakikishe mwisho wa mchezo gunia linabaki kwangu. Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu watafiti wawili wa Uingereza, Nicola Rooney na John Bradshaw, ambao mwaka 2002 walichapisha jaribio la mchezo huu wa kuvutana kwa mbwa 14 aina ya golden retriva. Kila mmoja aliachiwa kushinda mara 20, na mara nyingine 20 akashindwa. Hawakuona kushinda kukimfanya mbwa atake kumtawala mtu. Walichokiona ni kwamba baada ya michezo hiyo mbwa walikuwa wasikivu zaidi, wawe wameshinda au wameshindwa. Sajenti hakuwa ameisoma karatasi hiyo. Alikuwa amewaangalia tu mbwa wake, na aliona kwamba anayeshinda humletea mtu gunia alivute tena.

Mama yangu hakuipenda kazi hii. Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa kwetu ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Nilikuwa na nguo za kazi za peke yake na ndoo yangu ya udongo nyuma ya banda, na nilipokwenda nyumbani sikuzungumzia mbwa. Aliyenifungua kinywa ni mjomba, mwalimu wa madrasa. Alinisikiliza nikieleza habari za gunia mpaka mwisho, kisha akanikumbusha aya ya 4 ya Suratul Maida, inayoruhusu kula windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa, na mafundisho ya Mtume kwamba mbwa akila katika windo hilo liache, kwani amejikamatia mwenyewe. "Basi mdomo wa mbwa unafundishika, mwanangu," alisema mjomba, "na anaweza kushika kwa ajili ya mtu." Maneno hayo yalimfikia mama, na tangu siku hiyo akipiga simu aliniuliza kwanza kama nimeswali, kisha kama Shaba hajambo.

Kushika kwa ajili ya mtu maana yake ni kuachia mtu akitaka. Nilikuwa nimeona mbwa wakikabwa kwa mkanda wa shingo mpaka waachie, na nilikuwa nimeona matokeo yake: mbwa anayejua kwamba mkono wa bwana unakuja kumkaba huanza kutafuna na kulegea mara tu unapokaribia, na kazi yote ya mshiko imepotea. Kwa Shaba tulifanya hivi. Nalibana gunia kwenye paja langu, nalikaza lisicheze hata kidogo, nasema "achia" mara moja, nangoja. Gunia lililokufa halina utamu. Mara ya kwanza aling'ang'ania dakika nzima na zaidi, nami sikusema neno la pili. Alipoachia, papo hapo gunia likafufuka akalidaka tena. Siku ya 10 aliachia neno likiwa bado mdomoni mwangu, kwa sababu alijua kuachia hakumalizi mchezo. Na hapo nikaona mshiko wake umezidi kujaa: hakuwa tena na cha kulinda.

Kutoka gunia tulikwenda kwenye mto mgumu wa juti, kisha mkono wa mazoezi unaovaliwa na mtu, Shaba akiwa na umri wa mwaka na zaidi. Sehemu hiyo ina mafunzo yake na inataka mwalimu aliyesimama pale; siwezi kuifundisha kwa kalamu, na simshauri mtu aijaribu peke yake.

Shaba alifanya kazi kuanzia 2009 mpaka 2016. Katika miaka yote hiyo alimshika mtu mmoja. Ilikuwa 2011, lindo jingine, mtu mzima mwenye nondo mkononi. Shaba alimshika mkono chini ya kiwiko, akabaki pale, ameujaza mdomo, hatikisi kichwa. Nondo ilianguka. Nilipofika nilimwambia yule mtu atulie, akatulia. Nikasema achia, Shaba akaachia, akakaa kando ya mguu wangu. Tulipitia njia ile ile ya PF3 na hospitali, na sindano za kuzuia kichaa cha mbwa alianzishiwa kama kawaida ingawa Shaba alikuwa na chanjo. Yule mtu alikuwa na matundu 4 na uvimbe. Hakushonwa. Nilimwangalia Shaba mkia na masikio. Hakuwa anatetemeka.

Mabanda kama lile la Bosi bado yapo, nayaona nikipita: seng'enge, jua, mnyororo, na mtoto wa jirani anapitisha fimbo kwenye waya ili mbwa abweke. Wewe mwenye mbwa wa namna hiyo, mkataze huyo mtoto leo. Ziba seng'enge kwa mbao, mpe kivuli na chanjo yake ya kila mwaka. Kama meno yake ya kudumu yameshatimia, tafuta gunia la juti, lifue, na alfajiri kabla jua halijapanda umchezeshe dakika 3. Akiingia mpaka magego, liachie gunia aondoke nalo.